Humphrey Bogart, mchezaji wa filme aliyefika kwenye Lualaba yetu

Juzi magharibi hapa Kalima tulikuwa watu sita tukitazama filme ya zamani kwenye telefone moja. Boti ndogo ya moshi inashuka mto, ndani yake kuko mwanaume asiyenyoa ndevu, kofia imechakaa. Kazi yake ni kubeba barua na vitu vya machimbo, hata baruti. Mmoja wetu akasema mto ule anaujua. Tulimcheka. Kumbe alikuwa na haki. Sehemu ya filme ile, The African Queen, ilipigwa mwaka 1951 kule Biondo, kando ya mto Ruiki unaoingia Lualaba, si mbali na Ponthierville, njo Ubundu ya leo. Ukipanda masua Kindu, unashuka na maji karibu kilometa 300, unafika upande ule.

Mwanaume wa kwenye boti ni Humphrey Bogart. Alizaliwa New York tarehe 25 Desemba 1899, baba yake munganga, mama yake mchoraji wa picha aliyejulikana sana. Masomo hayakumwendea. Aliingia kwenye jeshi la maji, kiisha akaenda kwenye tiatre, kiisha Hollywood. Miaka mingi huko alipewa tu nafasi ya mwizi na muuaji, mtu wa kupigwa risasi mbele ya filme kuisha. Alikuwa amepita miaka 40 wakati jina lilipotoka kweli: mwaka 1941 na The Maltese Falcon, filme ya kwanza ya John Huston kama mkubwa wa filme, na mwaka 1942 na Casablanca.

Hapo tusimame kidogo, juu Casablanca inatugusa kuliko watu wanavyofikiri. Mwishoni mwa filme, wakati Bogart na polisi Mfaransa wanatafuta pa kukimbilia, jina linalotajwa ni Brazzaville, ngome ya Wafaransa waliokataa Wajerumani, ng'ambo tu ya Kinshasa. Na mwaka uleule 1942, Japani ilipokamata Malaya, Uingereza na Marekani walipoteza kasiterite ya kule, wakageukia ya Congo. Njo wakati ule wazee wetu wa Maniema walisukumwa kwenye machimbo na kwenye pori kutafuta mpira, kwa ajili ya effort de guerre. Vita ambayo Bogart alikuwa anacheza mbele ya kamera, Kalima ilikuwa inaichimbia udongo.

Mwaka 1943 alicheza filme mbili za vita, Action in the North Atlantic na Sahara. Katika Sahara kuko sajini wa Sudani, mweusi, hodari, mwenye heshima, asiye boyi wa mtu. Siku zile Hollywood haikuwa inaonyesha Mwafrika namna ile. Filme zote mbili ziliandikwa na mtu mmoja, John Howard Lawson. Kwa Sahara alisaidiana na Zoltan Korda. Tunaomba msomaji ashike jina la Lawson, juu litarudia.

Lawson alikuwa mkomunisti, na hakujificha sana. Wakati wa vita hiyo haikuwa kosa kubwa: Roosevelt alikuwa anatawala, Urusi ilikuwa rafiki, na Hollywood mingi ilimpenda Roosevelt, hata Bogart. Alikuwa amekwisha kusingiziwa ukomunisti yeye mwenyewe mwaka 1940, wakamhoji, wakamwachilia bila kosa. Vita ilipokwisha upepo uligeuka. Oktoba 1947 kamati ya bunge kule Washington ilianza kuwaita watu wa sinema mmojammoja: wewe ni mkomunisti, ao ulikuwa? Kuko wale waliojibu kwa furaha na kutaja wenzao. Ronald Reagan, siku zile mkubwa wa shirika la wachezaji, naye alienda kusaidia kamati, lakini hadharani hakutaja majina. Miaka 33 nyuma ya hapo alichaguliwa presida wa Marekani.

Bogart alikasirika. Pamoja na Huston, na bibi yake Lauren Bacall, na Danny Kaye, na Gene Kelly na wengine, walipanda ndege mpaka Washington kusema kwamba serikali haina ruhusa ya kumuuliza raia anafikiri nini. Magazeti yalijaa picha zao. Lawson aliitwa wa kwanza kati ya wale waliokataa kujibu. Alibishana na mkubwa wa kamati kwa sauti ya juu, mpaka polisi wakamtoa. Kwa jumla walikuwa kumi, na wote kumi walihukumiwa kwa kudharau bunge.

Kiisha ikaja sehemu ambayo wapenda Bogart hawaisimulii sana. Magazeti yaligeuka. Barua za hasira zilifika kwenye studio. Wakubwa wa studio walikutana New York mwezi wa Novemba, wakasema wale kumi hawatapata kazi tena. Bogart, ambaye kwenye filme hakuna bunduki iliyomtisha, alitoa tangazo kwamba safari ya Washington ilikuwa kosa. Machi 1948 gazeti moja la sinema lilitoa maandishi kwa jina lake, akieleza kwamba yeye si mkomunisti na kwamba aliongozwa vibaya. Waliokuwa naye ndani ya ndege waliumia. Wale kumi waliumia zaidi.

Sisi tunamhukumu namna gani? Kati yetu tuliotazama filme, wawili walisema moja kwa moja alikuwa mwoga. Wengine waliuliza nani hapa hajawahi kusema neno kwenye mkutano na kulimeza siku ya pili, wakati mkubwa wa kazi alipomwangalia vibaya. Wote wawili wana haki, lakini sisi tunaona jambo moja: Bogart alikuwa na nyumba, boti yake ya matanga, na jina ambalo studio isingelitupa kirahisi. Aliyeandika maneno yake hakuwa na kinga ile. Mwaka 1950 Lawson aliingia gerezani. (Mkubwa wa kamati ile, Parnell Thomas, naye alifungwa, kwa kuiba pesa ya serikali, na kwenye gereza lake aliwakuta wawili kati ya wale kumi. Hii si hadithi ya kutunga.)

Ni katikati ya mambo hayo Bogart alikuja Congo. Kamati ilikuwa imeanza tena kuita watu mwaka 1951, na Sterling Hayden, mmoja wa wale wa ndege, alienda akataja majina. Huston alitaka kupiga filme mbali na studio, ndani ya pori la kweli. Katharine Hepburn, aliyecheza bibi wa misioni, naye alikuwa amesimama mbele ya maelfu ya watu Los Angeles mwaka 1947 kusema juu ya uhuru wa kufikiri. Basi watatu hao walikutana Biondo. Huston alipenda pori. Bogart alilichukia: joto, wadudu, siafu walioingia kambini, boti iliyozama na kuvutwa tena juu. Hepburn alikunywa maji akaumwa tumbo vibaya. Bogart na Huston walikunywa whisky, hawakuumwa, na walijisifia jambo hilo miaka mingi. Nyumba za kambi zilijengwa na watu wa kwetu, kwa miti na majani. Ilikuwa Congo ya Wabelgiji: muzungu alitazama sinema yake, mweusi alichaguliwa filme za kutazama. Kutoka Biondo walienda Uganda, kiisha London kumalizia.

Machi 1952 Bogart alipata Oscar kwa kazi ile, moja tu maisha yake yote. Na Lawson? Hakuna studio iliyothubutu kuandika jina lake. Korda, yule wa Sahara, alimpa kazi kwa siri: filme ya Afrika ya Kusini, Cry, the Beloved Country, ilitoka bila jina lake. Hivi katika miaka ileile wote wawili mkate wao ulitoka Afrika, mmoja juu ya mto wetu na uso wake ukionekana, mwingine kwa karatasi tu.

Mwaka 1952 Bogart alirudia siasa, akamsaidia Adlai Stevenson. Mwaka 1954 alicheza The Caine Mutiny chini ya Edward Dmytryk, mmoja wa wale kumi, aliyetoka gerezani na kukubali kutaja wenzake. Bogart alikufa kwa kansa tarehe 14 Januari 1957, na Huston njo alisema maneno ya kumwaga. Mwaka 1960 jina la Dalton Trumbo, mwingine wa kumi, liliandikwa tena wazi kwenye filme. Leo mchezaji wa Hollywood anapanda jukwaa la Oscar, anamsema presida, watu wanapiga makofi. Lakini mwaka 1999, Elia Kazan aliyetaja majina alipopewa zawadi ya uzee, wengi ndani ya sale walikataa kusimama. Wao hawakuwa wamesahau.

Telefone yetu ilizimika mbele ya mwisho. Ilienda kuchajiwa kwa jirani, tukaendelea siku ya pili. Boti imekwama ndani ya majani, Bogart ameshuka majini anaivuta kwa kamba. Anapopanda, mwili umejaa miruba, anatetemeka, anaonekana mzee. Bibi anamtoa miruba mmojammoja kwa chumvi. Boti haitembei. Bogart anaangalia maji muda, kiisha anashuka tena ndani.