Robert Williams, mtu aliyejua kungoja

Wandugu wanachama na wafadhili, tunapojadili pa kuweka feza za kasha letu, tumukumbuke huyu.

Alizaliwa Aberdeen, Uskoti, 1860, akawa injinia wa migodi. Mwaka 1899 aliunda Tanganyika Concessions, akatuma watu Katanga. Mukuba waliukuta pale babu zetu walipochimba tangu zamani. Union Minière ilipozaliwa 1906, kampuni yake ikapata hisa ndani. Reli ikafika hapa Sakania 1909, Lubumbashi 1910.

Njia ya Lobito ndiyo ilimupima. Ruhusa alipata 1902. Treni ziliunganishwa na Katanga 1931 tu. Miaka 29! Alikufa 1938.

Tusimusifu bure: babu zetu walitoa jasho, hisa hawakupewa hata moja. Na mwaka 1967 serikali ikatwaa mali ya Union Minière. Hata hisa nzuri inaweza kuguswa.

Sisi tuliorudi mikono mitupu tunajifunza nini? Kwanza tuangalie kilicho chini ya udongo, si maneno ya muuzaji. Pili, tungoje. Tatu, feza yote isilale katika kasha moja. Na safari hii, hisa ziandikwe kwa majina yetu.