Sugar Ray Robinson: miguu ya dansi haikumtosha

Congo yote inamkumbuka Muhammad Ali juu ya ile usiku ya Kinshasa, Oktoba 1974. Lakini Ali naye alikuwa na mtu wake: Sugar Ray Robinson. Huyo ndiye alimwona kuwa bora kuliko wote kwenye boksi.

Robinson alizaliwa Marekani tarehe 3 Mei 1921, jina lake Walker Smith. Wazazi walipoachana, mama alimpeleka New York, mtaa wa Harlem. Maisha yalikuwa magumu, mtoto akawa anacheza dansi barabarani ili wapita njia wamtupie pesa kidogo. Jina la Ray Robinson alilipata kwenye karata ya kijana mwingine, sababu yeye alikuwa hajafikisha umri wa kupigana mashindano.

Hata alipokuwa mkubwa alikuwa anaruka kamba kwa muziki. Akashinda mapigano yake 40 ya kwanza ya kulipwa, na mwaka 1951 akachukua taji la uzito wa kati kwa Jake LaMotta. Watu wakasema: siri ni dansi. Kiswahili chenyewe kinaweza kutumia neno lile lile, kucheza, kwa dansi na kwa boksi, basi ni rahisi kuamini vile.

Halafu Juni 1952 alipigana na Joey Maxim kwenye joto kali sana, mpaka mwamuzi akashindwa, ikabidi abadilishwe. Robinson alikuwa mbele kwa pointi, lakini nguvu zikamwishia, raundi ya 14 hakuinuka kwenye kiti. Desemba akaacha boksi, akawa mchezaji wa dansi jukwaani.

Miaka miwili alicheza dansi. Mwanzo walimlipa vizuri, kisha malipo yakashuka, na biashara zake za Harlem zikaharibika. Ikabidi arudi ulingoni.

Kama dansi peke yake inafundisha boksi, Robinson angerudi moto. Pigano la kwanza, Januari 1955, alishinda. Wiki mbili baadaye Ralph Jones, aliyeitwa Tiger, akamfuata raundi 10 nzima bila kumwachia nafasi, akamshinda wazi. Jukwaani hakuna mtu anayekuja kukuvunjia hatua zako. Jicho la kuona ngumi inakuja, na pumzi ya kupigwa huku unapiga, hivyo vilikuwa vimelala.

Hakuacha. Aliendelea na mazoezi ya ngumi na mapigano mengine, na tarehe 9 Desemba mwaka ule ule akamwangusha Bobo Olson raundi ya pili, taji likarudi.

Mei 1957, Chicago, raundi ya tano, Gene Fullmer alikuwa anamsukuma. Robinson, akiwa na miaka 36 karibu kutimia, alikuwa anarudi nyuma. Ni wachache wanaoweza kupiga kwa nguvu hivyo, maana uzito wa mwili unakimbia. Yeye alitua miguu sawasawa, akaachia ngumi moja ya kushoto. Fullmer hakuinuka mpaka hesabu ikaisha.

Alipigana mpaka 1965. Alikufa California tarehe 12 Aprili 1989.