Daktari Banting na Kipimo cha Pili

Wazazi wa Kisumu wenye watoto wagonjwa wa kisukari, kuanzia Kondele hadi Dunga, wanakijua vyema kipimo cha sukari. Tone la damu kidoleni, tarakimu kwenye kimashine, basi. Kipimo cha pili, kile cha ketoni, aghalabu hukisikia mtoto akiwa amekwisha kulazwa. Anayetaka kujua kwa nini vipimo hivyo viwili havitenganiki na ayatazame maisha ya Frederick Banting.

Alizaliwa tarehe 14 Novemba 1891 shambani karibu na Alliston, nchini Kanada, miaka 10 kabla ya reli kufika ufuoni mwa ziwa letu. Alihitimu udaktari mwaka 1916, akaenda vitani Ufaransa, na mwaka 1918 akajeruhiwa mkono. Aliporejea alifungua zahanati katika mji wa London, jimbo la Ontario, lakini wagonjwa walikuwa haba mno hata akalazimika kufundisha ili apate riziki. Usiku wa tarehe 31 Oktoba 1920, baada ya kusoma makala kuhusu kongosho, lilimjia wazo la kuitafuta ndani ya kiungo hicho dawa ya kisukari. Zama hizo mtoto aliyepatwa na maradhi haya alinyimwa chakula ili tu asogezewe mauti mbele kidogo.

Profesa Macleod wa Chuo Kikuu cha Toronto alimpa maabara na msaidizi kijana, Charles Best, nao wakaanza majaribio kwa mbwa mwaka 1921. Tarehe 11 Januari 1922 dawa yao ilidungwa mwilini mwa Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa amebaki na uzito wa kilo 29 hivi. Sukari ilishuka kutoka miligramu 440 hadi 320 kwa kila desilita ya damu. Kwa mashine zetu zinazohesabu milimoli, ni kama kutoka 24 hadi 18. Mtu asiyejua angeshangilia. Lakini ketoni zilibaki palepale kwenye mkojo, na madaktari wakafahamu kwamba dawa haijafanya kazi. Mwanakemia James Collip akakesha akiisafisha. Tarehe 23 Januari kijana akadungwa tena: sukari ikaanguka kutoka 520 hadi 120, na ketoni zikatoweka.

Hapo ndipo penye somo. Pasipo insulini, sukari hujaa katika damu ilhali mwili wenyewe una njaa, nao hugeukia kuchoma mafuta yake. Ketoni ndizo moshi wa moto huo, na zikizidi damu huwa chachu. Mtoto hutapika, huumwa tumbo, huhema kwa nguvu, pumzi ikinuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Katika mwambao huu ambamo malaria imepiga kambi, ni rahisi mno kutapika huko kuitwa malaria, na saa za kumwokoa mtoto zikapita.

Kwa hiyo sukari ikivuka 14, au mtoto akiwa mgonjwa kwa namna yoyote, hapana budi ketoni zipimwe. Katika damu, chini ya 0.6 si neno, ikipita 1.5 daktari aarifiwe. Ikifika 3, safari ya hospitali haingojei mapambazuko. Kijiti cha mkojo nacho kinafaa, ingawa hueleza yaliyopita saa kadhaa nyuma. Wala insulini isikatizwe kwa kuwa mtoto hali chakula. Kosa hilo linaua. Mimi naona ni aibu zahanati ya Seme au Mbita kuwa na kipimo cha sukari rafuni na kukosa kijiti cha ketoni kando yake.

Banting alitunukiwa Nobel mwaka 1923 pamoja na Macleod, akagawana fedha zake na Best. Haki ya uvumbuzi iliuzwa kwa chuo kikuu, kila mvumbuzi akapata dola 1. (Bei ya chupa ya insulini leo ni hadithi nyingine.) Alikufa mwezi Februari 1941 katika ajali ya ndege huko Newfoundland, akiwa na miaka 49. Thompson, yule mvulana wa kilo 29, aliishi hadi mwaka 1935.