Daktari aliyetibu majeraha ya vita moyoni, naye akachoka

Daktari anayesikiliza kila siku walionusurika vita, ajali au ukatili hurudi nyumbani na sehemu ya mzigo wao. Dk. William Rivers wa Uingereza aliujua vizuri mzigo huo.

Rivers alizaliwa Kent mwaka 1864 na kuhitimu udaktari akiwa na miaka 22. Maisha yake yote alikuwa na kigugumizi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alipelekwa hospitali ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh, Scotland, iliyopokea maofisa wa jeshi waliotoka kwenye mahandaki. Wengine walitetemeka, wengine walikosa usingizi kwa jinamizi, na wapo waliopata kigugumizi kama chake.

Siku zile wagonjwa hao waliambiwa wajikaze na wasahau. Rivers aligundua kuwa waliojilazimisha kusahau mchana ndio walioteseka usiku. Alikaa na kila mmoja wao, wakazungumza taratibu juu ya waliyoyaona. Mmojawapo alikuwa mshairi Siegfried Sassoon, aliyelazwa Julai 1917 baada ya kupinga vita hadharani.

Lakini mgonjwa aliyepona alirudishwa vitani, pengine akafe. Rivers, mwenyewe akiwa ofisa wa jeshi, aliuona huo kuwa wajibu wake, ila dhamiri ilimsumbua hata ndotoni. Mwaka huohuo uchovu ulimzidi.

Hakujifanya chuma. Alichukua likizo. Aliandika ndoto zake mwenyewe na kuzichambua kama alivyochambua za wagonjwa, nazo zimo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1923. Mwishoni mwa 1917 alihamia hospitali ya marubani London, alikokuwapo rafiki yake wa miaka mingi, Dk. Henry Head. Aliendelea na kazi hadi alipofariki ghafla Juni 1922 kwa ngiri iliyobana utumbo, akiwa na miaka 58.

Kama wewe ni daktari, muuguzi au mshauri nasaha, jichunguze. Je, unawaota wagonjwa wako? Hasira zinakupanda upesi? Huruma imekufa ganzi? Huo si udhaifu. Zungumza na mwenzako unayemwamini, tumia likizo yako, na hali ikiendelea muone mtaalamu. Dawa unayompa mgonjwa inakufaa na wewe.