Maisha ya Sir Frank Whittle, Mvumbuzi wa Injini ya Jeti

Mtu apitaye Gerezani, jirani na Kariakoo, husikia kompresa za mafundi wa magari zikinguruma mchana kutwa. Mota ya umeme huzungusha mkanda, mkanda huzungusha kompresa, nayo kompresa hushindilia hewa katika mtungi mpaka ikapata nguvu ya kujaza mpira wa lori. Ndani ya injini ya ndege ya jeti imo kompresa vilevile, yenye kasi ya ajabu. Je, hiyo huzungushwa na nini? Swali hilo ndilo lililokuwa kazi ya maisha ya Bwana Frank Whittle.

Alizaliwa Coventry, Uingereza, tarehe 1 Juni 1907. Baba yake alikuwa fundi mwenye karakana ndogo, na mtoto alijifunza humo kazi za mikono. Alipokuwa kijana aliomba kuingia Jeshi la Anga. Mtihani alifaulu, lakini madaktari wakamkataa kwa ufupi wake na wembamba wa kifua. Hakukata tamaa. Alifanya mazoezi ya viungo mpaka akarefuka inchi 3, akaomba tena, akakataliwa tena. Mara ya tatu akapokewa kuwa mwanafunzi wa ufundi. Mwaka wa 1926 alichaguliwa kwenda chuo cha maofisa cha Cranwell, akatoka rubani hodari.

Huko Cranwell, mwaka wa 1928, aliandika insha juu ya ndege za siku zijazo. Aliona kuwa ndege itakayo kwenda mbali kwa kasi sharti ipae juu sana, mahali penye hewa nyepesi. Lakini injini za pistoni na rafadha hupungukiwa nguvu huko. Kwanza alifikiri kutumia injini ya pistoni kuzungusha kompresa, hewa ichomwe na mafuta, kisha itoke kwa nyuma na kuisukuma ndege. Alipopiga hesabu akaona mtambo huo utakuwa mzito bila faida. Hata mwishoni mwa mwaka wa 1929, naye ni kijana wa miaka 22, akapata jawabu: moto wenyewe uzungushe kompresa. Hewa ya moto ipite katika gurudumu la mapanga, liitwalo tabaini, lililofungwa kwenye mhimili mmoja na kompresa. Nguvu itakayobaki ndiyo isukume ndege.

Huenda msomaji akauliza mbona hakutumia mota ya umeme, kama mafundi wetu. Sababu ni uzito. Fundi huvuta umeme kwa waya. Ndege haina budi kuubeba. Hata leo, kilo moja ya mafuta ya ndege ina nishati zaidi ya mara 40 ya ile iliyomo katika kilo moja ya betri.

Januari 1930 aliomba hataza ya uvumbuzi wake, lakini Wizara ya Anga haikuujali. Mwaka wa 1935 ilipasa kulipa paundi 5 ili hataza isife. Whittle alikuwa na mke na watoto, fedha hana, na serikali ikakataa kumlipia. Hataza ikafa, ikawa halali kwa kila mtu. Mwaka uliofuata rafiki zake walimsaidia kuanzisha kampuni ndogo, Power Jets.

Tarehe 12 Aprili 1937 injini yake ilijaribiwa mjini Rugby. Hapo umeme ukapata kazi yake. Tabaini haizunguki bila moto, wala moto hauwaki vema bila hewa iliyoshindiliwa. Basi mota ya umeme ilianza kuizungusha kompresa mpaka moto ukashika. Mara injini ikapiga yowe, ikazidi kasi bila kuzuilika. Wenziwe wakatimka mbio. Whittle akabaki peke yake penye bomba la mafuta.

Wakati huo Mjerumani Hans von Ohain, akifanya kazi mbali naye, alikuwa na injini yake, na ndege yake ikaruka tarehe 27 Agosti 1939. Ndege ya Whittle iliruka Cranwell tarehe 15 Mei 1941, kwa dakika 17 hivi. Kazi nyingi zilimvunja afya. Mwaka wa 1948 alipewa cheo cha Sir na tuzo ya paundi 100,000.

Matunda ya kazi hiyo yalifika kwetu upesi. Mei 1952 ndege ya Comet ilianza safari za abiria kutoka London hadi Johannesburg, ikitua Entebbe. Na mwaka wa 1960 East African Airways ilipata Comet zake. Boeing 787 ya Air Tanzania, iliyopokewa Dar es Salaam Julai 2018, huwashwa injini zake kwa mota za umeme, na kompresa za hewa wanayovuta abiria huzungushwa kwa umeme pia.

Whittle alifariki Marekani Agosti 1996, mwenye umri wa miaka 89. Vijana tuyaangalie maisha yake. Madaktari walimpima kimo, na wakubwa wakapima wazo lake kuwa halifai hata paundi 5. Yeye alishika kalamu, akarudia hesabu zake.