Bessemer, Mtu Aliyetaka Chuma Kitiririke Kama Maji

Mvua ya masika ikinyesha usiku, mkazi wa Kisauni au Likoni hulala akisikia mabati yake yakivuma. Ni wachache wakumbukao kwamba bati ni chuma cha pua kilichopakwa zinki, na kwamba aliyekifanya chuma hicho kishuke bei ni Mwingereza aitwaye Henry Bessemer.

Si kwamba chuma kilikuwa kigeni kwetu. Sharif al-Idrisi, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1154, alitaja machimbo ya chuma ya Malindi na Mombasa. Lakini chuma cha pua, yaani feleji, kilikuwa adimu hata Ulaya. Kilipikwa kidogo kidogo, kwa siku nyingi na makaa mengi.

Bessemer alizaliwa Januari 1813, mtoto wa fundi wa kusubu herufi za chapa. Mwaka 1856, mjini Cheltenham, aliwatangazia wataalamu njia mpya: kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka. Hewa iliunguza kaboni iliyomo, na moto huo ukazidisha joto pasipo kuongeza makaa. Kazi ya siku nyingi ikawa ya nusu saa. Wenye viwanda wakagombea ruhusa ya kuitumia, wakamlipa pauni 27,000 kwa wiki chache.

Punde sifa ikageuka lawama. Chuma chao kilivunjika kama kigae. Bessemer alikuwa amejaribia chuma chenye fosforasi kidogo, nao walitumia chenye nyingi. Hakukimbia aibu. Alirudi karakanani, akatafuta chuma safi cha Sweden. Kasoro nyingine, ya hewa iliyozidi, iliondolewa kwa manganisi, elimu aliyoigundua Robert Mushet. Mushet hakupata faida, hata baadaye Bessemer akawa anamlipa pauni 300 kila mwaka. Mwaka 1858 Bessemer alifungua kiwanda chake Sheffield, akauza kwa bei ya chini, na waliomcheka wakamfuata.

Hata hivyo moyo wake haukutulia. Chuma kilimiminwa kwenye kalibu, kikapoa, kikapashwa moto tena, ndipo kikabanwa kuwa bamba. Joto na kazi vikapotea bure. Mwaka 1865 alipata hataza ya kumimina chuma baina ya rola mbili zilizopozwa kwa maji, kitoke chini kikiwa bamba lisilokatika. Hakufaulu, maana ufundi wa zama hizo haukuweza kuutawala mmiminiko ule. Mwaka 1891, akiwa mzee wa miaka 78, aliileta tena fikra hiyo mbele ya mafundi wenzake.

Alifariki London Machi 1898. Wakati huo reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896, ikavuka Makupa na kupita Changamwe, ilikuwa ikijengwa huko Tsavo.

Kusubu bila kukatiza kulienea viwandani tangu miaka ya 1950, na leo karibu chuma cha pua chote duniani husubiwa hivyo. Mwaka 2002 kiwanda cha Crawfordsville, Marekani, kilianza kutoa bamba baina ya rola mbili, kama alivyotaka yeye. Lililobaki ni kupika chuma chenyewe mfululizo, maana mpaka sasa tanuri nyingi hujazwa, hupika, kisha humwagwa ndipo zijazwe tena.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bessemer aliinama miaka mingi, na waliokiokota ni wengine.