Charles wa Orléans, mateka wa lugha mbili

Mgeni akifika Blois, mji ulio kando ya mto Loire kati ya Orléans na Tours, hupokewa na nungunungu. Amechongwa kwenye ukuta wa kasri, miiba imesimama. Ni alama ya mfalme Louis XII, aliyezaliwa humo mwaka 1462. Wageni hupiga picha, kisha huelekea Chambord, kilomita kama 15 kutoka hapo, ambako kasri ni kubwa zaidi. Wachache huuliza mfalme huyo alimrithi nani mnyama wake. Alimrithi babu yake, kupitia kwa baba. Na huyo baba, Charles, duke wa Orléans, anatuhusu sisi wa kitivo cha lugha kuliko mfalme mwenyewe, maana alitunga mashairi kwa lugha ya waliomfunga.

Charles alizaliwa Paris tarehe 24 Novemba 1394. Baba yake, Louis, alikuwa ndugu wa mfalme, na ndiye aliyeinunua nchi ya Blois. Mama yake, Valentina Visconti, alitoka Milano, hivyo mtoto alikua akisikia lugha zaidi ya moja nyumbani. Utoto huo haukudumu. Usiku wa kuamkia siku ya kutimiza miaka 13, baba yake aliuawa barabarani Paris na watu wa binamu yake, duke wa Burgundy. Mwaka uliofuata mama alikufa Blois. Mwaka 1409 mkewe wa kwanza, Isabelle, mjane wa mfalme Richard II wa Uingereza, alikufa akijifungua, papo hapo Blois. Charles hakuwa bado na miaka 15, naye tayari alikuwa yatima, mjane na baba wa binti mchanga.

Tarehe 25 Oktoba 1415 alipigana Azincourt. Inasimuliwa kwamba Waingereza walimvuta akiwa hai kutoka chini ya rundo la maiti. Walimvusha bahari, na hakurudi ila baada ya miaka 25. Henry V hakutaka aachiliwe, kwa kuwa alikuwa karibu mno na kiti cha ufalme wa Ufaransa. Alihamishwa kutoka ngome hadi ngome, mara Mnara wa London, mara Pontefract kaskazini. Mwaka 1429 mji wake mwenyewe, Orléans, uliokolewa na Jeanne d'Arc na watu wake, akiwemo Dunois, ndugu yake wa kambo. Yeye bwana wa mji alikuwa ng'ambo ya bahari. Mke wake wa pili, Bonne, alifariki bila kumwona tena.

Tusimwonee huruma kupita kiasi: alikuwa na vitabu, watumishi na chakula kizuri. Lakini alikosa watu wa kusema nao kwa lugha yake, na hapo ndipo kisa chake kinaponishika. Aliendelea kutunga kwa Kifaransa, kisha akatunga kwa Kiingereza pia. Kwa miaka kadhaa mlinzi wake alikuwa William de la Pole, aliyemwoa Alice, mjukuu wa mshairi Chaucer. Basi Kiingereza alichokisikia hakikuwa cha askari wa gereza tu. Mashairi yake ya Kiingereza, zaidi ya mistari 6,000, mengine yanafanana na yale ya Kifaransa na mengine hayana mwenzake. Kwa muda mrefu wapo wasomi waliokataa kwamba ni yake, wakidai kuna mtu aliyetafsiri tu. Leo wengi wanakubali ni yake. Ninashuku kwamba ukaidi ule ulitokana na dhana moja tunayoijua hata sisi, kwamba mtu ana lugha moja ya moyo, na nyingine zote ni za kazi. Anayekulia kati ya Kibemba, Kiswahili na Kifaransa angeshangaa wasomi walipata wapi uhakika huo.

Aliachiliwa mwaka 1440 kwa fidia kubwa mno, akamwoa Marie wa Clèves, akajaribu siasa kidogo bila mafanikio, kisha akatulia Blois. Huko alifanya jambo ninalolipenda kuliko vita vyake vyote. Aliweka kitabu chake wazi, na marafiki na wageni wakaandika mashairi yao humo kando ya yake. Mada ilikuwa moja, kama vile mtu anayekufa kwa kiu karibu na chemchemi, na kila mmoja alijibu kwa namna yake. François Villon, msomi wa Paris aliyekuwa pia mwizi, ni mmojawapo; mtu aliyepaswa kunyongwa aliandika ukurasa mmoja na duke. Kitabu hicho kiko Paris hadi leo.

Mwana wa kiume alimpata akiwa na miaka 67. Hakumwona akikua: Januari 1465, akirudi nyumbani kutoka Tours ambako mfalme Louis XI alikuwa amemkaripia mbele ya watu, alikufa njiani, katika mji mwingine wa Loire, Amboise. Mtoto alikuwa na miaka miwili.

Jengo alilokaa Blois limebomolewa karibu lote. Lango la nungunungu ni la mwanawe. Na mashairi yake ya Kiingereza hayakurudi naye. Yako London, katika maktaba ya taifa ya Uingereza.